Gauni Moja, Mikono Miwili

Mtihani wa kidato cha nne unakaribia, na kila jioni wasichana wa mtaani wanapita mbele ya duka letu la kushona wamekumbatia madaftari ya Kemia. Tukiwaona tunatizamana na kucheka. Halafu tunanyamaza, kwa sababu tunalo jambo la zamani linalotusuta.

Mwaka 2010 tulikuwa wasichana watano wa darasa moja na mtaa mmoja. Mwaka wenyewe ulianza vibaya: umeme Unguja ulikuwa umekatika tangu Disemba 2009, ukaja kurudi Machi. Tulisoma kwa kandili na koroboi, pua zimejaa masizi. Lakini kiza hakikututisha kama Kemia. Tukisomeshwa kwa Kiingereza, na kichwani mwetu asidi ni ndimu na besi ni magadi. Maabara ya skuli ilikuwa na bureti chache. Mmoja anafungua koki, wengine tunachungulia mabegani. Basi tukakubaliana tusome pamoja ukumbini kwa mmoja wetu kila siku baada ya laasiri.

Ramadhani ilipoingia mwezi wa nane, tukahamishia masomo baada ya tarawehe. Mwenzetu mmoja alikuwa haishi kuchelewa. Mama yake akiuza bajia na mikate ya kumimina, na yeye ndiye mwenye kuosha masufuria na kuhesabu pesa. Akifika, sisi tumeshakwenda mbali, na kabla hajakaa vizuri anauliza, "Jamani, kwa nini?" Sisi tulikuwa hatuitaki hiyo "kwa nini". Tulikuwa tumeshika fomula, tunataka kusonga mbele.

Usiku mmoja tulikuwa na hesabu ya taitresheni, asidi ya salfa na sodiamu haidroksaidi. Ukiandika mlinganyo wake, asidi moja inakwenda na besi mbili. Akauliza, "Hiyo mbili kwa nini tunaitia kwenye hesabu?" Tukamjibu, "Ndiyo fomula, wewe shika tu." Akasema hajafahamu. Tukatizamana. Kesho yake tukahamia nyumba nyengine, na hatukumwambia.

Hatukugombana naye wala hatukumtukana. Tulinyamaza tu, na siku tatu akawa anakwenda kwenye ukumbi ule anakuta mlango umefungwa.

Siku ya nne tukafanya swali la mtihani wa zamani. Hesabu ni ile ile: asidi sentimita za ujazo 20, yenye molariti 0.1, imemaliza besi sentimita za ujazo 25. Molariti ya besi ni ngapi? Wawili wetu walipata 0.08, wawili 0.16. Kila mmoja akatetea jibu lake, na hakuna aliyeweza kueleza. Fomula tulikuwa nayo, ila tulisahau namba ipi inakaa juu na ipi chini.

Mama mwenye nyumba alikuwa akitusikia kutoka uani. Akaja akauliza, "Mwenzenu yuko wapi?" Tukamwambia ukweli. Hakutupigia kelele. Alisema, "Mchana mnafunga, usiku mnamfungia mwenzenu mlango? Haki ya mja haifutwi kwa kusali tu, wanangu. Mwendeeni mwenyewe."

Tukamwendea usiku ule ule. Tulimkuta uani, daftari liko juu ya sufuria lililofunikwa. Tukamuomba radhi. Alilia kidogo, sisi tukalia zaidi. Kisha akafungua daftari. Siku zote tatu alikuwa juu ya hesabu ile moja.

"Nimefahamu," akasema. "Asidi hii kila chembe ina haidrojeni mbili, na kila moja inataka besi yake. Ni kama nguo za Sikukuu. Gauni moja, mikono miwili. Ukishona magauni kumi, huwezi kukata mikono kumi."

Kumbe ndiyo hivyo tu! Moli za besi ni mara mbili ya moli za asidi, na jibu ni 0.16. Anayesahau mikono anapata nusu ya jibu. Swali tuliloliona linatuchelewesha ndilo lililotusomesha.

Matokeo yalipotoka hayakuwa sawa. Yeye alipata C ya Kemia, watatu wetu D, mmoja F. Aliyepata F alijifungia chumbani wiki nzima, na safari hii hatukumuacha peke yake. Yeye ndiye aliyetutangulia kwenye kozi ya ushoni, na leo ndiye mkataji wetu dukani. Yule wa bajia anafanya kazi kwenye duka la dawa. Akileta kitambaa chake, hatumtozi pesa ya mikono.

Siku hizi tukishafunga kazi, meza yetu ya kukatia tunawaachia wasichana wasome. Sharti letu ni moja: anayeuliza "kwa nini" asijibiwe "shika tu". Na nyinyi mama wenzetu, mkiwaona watoto wamekaa kundi wanasoma, msitosheke kuwapelekea chai. Wahesabuni. Akikosekana mmoja, ulizeni yuko wapi.

Mwenyezi Mungu awafungulie fahamu watoto wetu wote, wenye kuwahi na wenye kuchelewa. Amin.