Diski Ilikuwa Nzima

Diski ya yule mama haikuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye niliyemwambia imekufa, nikamwuzia nyingine.

Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama, na hesabu za hisa na mikopo alizitunza kwenye kompyuta yake ya mezani. Aliniletea kwa sababu ilikuwa nzito, nikamfungia prosesa ya AMD yenye nguvu zaidi. Nilipoiwasha, BIOS ikaleta onyo: prosesa ni mpya, bonyeza Y kufuta kumbukumbu za fTPM, lakini kama diski imefungwa kwa BitLocker, kompyuta haitawaka bila ufunguo wa akiba, bonyeza N kuziacha zilivyo. Onyo lilikuwa wazi kabisa. Sikulisoma. Nikabonyeza Y.

fTPM ndiyo inayotunza siri ya kuifungua diski kila kompyuta inapowashwa, na mwenyewe hata asijue kuwa diski imefungwa. Ningebonyeza N, ningerudisha prosesa ya zamani na kazi zake angezikuta. Sasa Windows ilidai tarakimu 48 za ufunguo huo wa akiba. Nikampigia mama kumwuliza, akasema hajawahi kuziona, labda amwulize mwanawe.

Hata hapo hakuna kilichokuwa kimepotea. Hesabu zilikuwa zimefungiwa tu, na kusubiri kungetosha. Lakini nililiogopea jina langu. Nikamwambia diski imekufa, nikaweka mpya, na ile ya zamani nikaifuta yote, fundi mwingine asije akagundua kuwa ni nzima. Kubonyeza Y kulikuwa uzembe. Kuifuta diski nilikusudia.

Siku chache baadaye kijana wake akapiga simu. Windows aliiweka yeye kwa akaunti yake ya Microsoft, na ufunguo ulikuwa umehifadhiwa humo. “Fundi, zile namba ulizomwuliza mama ninazo.”

Hata yeye sikumwambia ukweli. Nilisema tumechelewa.

Akina mama wakaanza kuunganisha hesabu upya kutoka kwenye daftari za wanachama. Palipokosekana maandishi, aliyeshukiwa kula fedha alikuwa mweka hazina. Habari hizo ziliponifikia nilikwenda kwenye kikao chao, nikaeleza yote mbele yake na mbele yao, nikamrudishia pesa ya diski. Wengi walimwomba radhi palepale. Wawili walikuwa wameshajitoa kwenye kikoba, na nilipowafuata nyumbani, mmoja alikataa kunisikiliza.