Deni la Boksi la Roho

Muvi ya kwanza ya Transformers nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Tandika, mwishoni mwa 2007, kwenye banda la video. Mara ya pili ilikuwa miaka minane baadaye, chumbani kwangu Kinondoni, kwenye laptop, kwa Kiingereza, nikiwa na kazi ya uandishi wa habari na kikombe cha chai. Zile hazikuwa muvi moja.

Banda la Tandika lilikuwa la mabati, mabenchi sita, TV ya chogo, na feni iliyokuwa inapiga kelele kuliko inavyopuliza. Kiingilio shilingi mia mbili. Pembeni ya TV alikaa dijei na maiki yake. Kwa msomaji ambaye hakukulia Uswahilini: dijei wa muvi hapigi muziki, anatafsiri. Na akitafsiri, anaongeza. Jiji lilikuwa na majina makubwa katika kazi hiyo, Lufufu akiwa ndiye aliyejulikana zaidi, na mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings alipoandika makala juu yao aliipa jina la kugeuza wali kuwa pilau. Wa kwetu hakuwa maarufu. Alijulikana kuanzia sokoni mpaka kituo cha daladala, basi.

Ndani ya muvi ile kuna mchemraba mkubwa wa chuma unaoitwa AllSpark, unaoweza kuipa uhai mashine yoyote. Optimus Prime mwenyewe anasema hawajui ulitoka wapi. Dijei wetu aliuita Boksi la Roho, na aliyajua yote: nani alilitengeneza, kwa nini, na kwamba fundi wake alikufa siku ileile alipolimaliza. Sisi tukaamini. Kwa nini tusiamini, wakati mtu ana maiki?

Tulikuwa tukikaa watatu: mimi, kaka yangu, na mshkaji wetu mmoja wa mtaani ambaye alikuwa mfupi kuliko wote na hakupenda kukumbushwa. Yeye alimchagua Jazz, roboti mdogo wa rangi ya fedha, mwenye mbwembwe nyingi. Karibu na mwisho Megatron anamshika Jazz na kumchana vipande viwili. Mshkaji alitukana kwa sauti mpaka dijei akasimamisha deki na kumwonya. Halafu ikaja ile picha ya mwisho: Optimus ameshika mabaki ya Jazz mikononi, na muda mfupi baadaye anaokota kipande cha lile Boksi kutoka kifuani kwa Megatron.

“Si amfufue sasa,” mshkaji akasema. “Kipande si hicho hapo?”

Januari 2009 homa ilimchukua kwa siku nne. Tulimzika Chang'ombe, Jumamosi, jua kali. Sina la kuongeza hapo.

Muvi ya pili, Revenge of the Fallen, ilifika bandani baadaye mwaka huohuo. Mimi na kaka tulikwenda wawili, tukakaa benchi lilelile. Ndani ya nusu saa hivi za mwanzo unaambiwa kwamba kipande cha Boksi kilikuwa kinatunzwa na Optimus na wenzake pamoja na wanajeshi wa Marekani kwenye kambi ya Diego Garcia, humuhumu kwenye Bahari yetu ya Hindi. Maadui wanakiiba, wanazama nacho mpaka chini ya Atlantiki, wanakiingiza kwenye maiti ya Megatron. Megatron anafufuka.

Kaka akasimama. Kaka yangu si mtu wa kusimama mbele ya watu.

“Dijei, samahani. Kama kipande walikuwa nacho muda wote huo, mbona hawakumfufua Jazz?”

Baadhi wakamzomea akae. Dijei hakumzomea. Nadhani alijua tumemzika nani, mtaa ulikuwa mdogo. Akasimamisha deki, akarudisha nyuma kidogo. Kuna sehemu pale chini ya bahari ambapo maadui wanahitaji vipuri vya kumtengenezea Megatron, basi wanamgeukia mwenzao mdogo na kumng'oa vipandevipande. Dijei akaionyesha kwa kidole.

“Umeona? Kipande hakifufui bure. Kinataka roho kwa roho. Ili huyu aamke, wamemuua mwenzao. Optimus angemuua nani ili Jazz arudi? Ndiyo maana aliacha.”

Kaka akakaa. Alikuwa analia, na mimi nilijifanya naangalia feni.

Muvi ikaendelea, na muda si mrefu Optimus mwenyewe akauawa msituni. Banda zima lilisimama. Steringi hafi, hiyo ni katiba ya banda. Watu walidai hela zao. Dijei akatuliza: subirini, deni halijalipwa. Likaja dude jipya, Matrix of Leadership, ambalo muvi ya kwanza haikulitaja hata kwa bahati mbaya. Liko kaburini kwa wazee wao kule Petra, Jordan, linageuka vumbi likiguswa, kijana Sam analizoa kwenye soksi. Dijei akasema huo ni moyo wa Boksi, ulitolewa mapema ukafichwa. Optimus anafufuka, na baada ya kunyang'anywa ile Matrix na kulegea tena, mzee Jetfire anajing'oa roho kifuani ili yeye apate vipuri vya kusimama. Roho kwa roho! Dijei hakuhitaji hata kutukumbusha. Mwaka 2011, kwenye ya tatu, Optimus anamwamsha mkubwa wake Sentinel kwa Matrix hiyohiyo na hakuna anayekufa. Tukamgeukia dijei. “Deni linakuja,” akasema. Baadaye Sentinel akamgeuka Ironhide na kumuua.

Sasa mnielewe nilipokaa na laptop Kinondoni. Niliangalia zote tatu mfululizo, na kanuni ya roho kwa roho haimo. Hakuna anayeisema. Yule mdogo wa chini ya bahari aliuawa kwa ajili ya vyuma vyake tu. Swali la mshkaji wetu halijajibiwa hata kwa sentensi moja.

Nikafanya ninachofanya kazini: nikafuatilia chanzo. Nikakuta hakuna chanzo kimoja. Kwenye katuni ya 1985 uhai unatolewa na kompyuta inayoitwa Vector Sigma. Mwaka uliofuata tunaambiwa viumbe hawa walikuwa bidhaa za kiwandani za Quintesson. Matrix inatokea kwenye sinema ya katuni ya 1986, wala haina uhusiano na mchemraba wowote. Kwenye Beast Wars, miaka ya 90, Allspark si dude la kubeba, ni mahali roho zinakorudi zikifa. Karibu useme ahera. Muvi ya 2014 inaleta wale waliowaumba pamoja na bomu linaloitwa Seed, na ya 2017 inaleta fimbo ya Merlin na bibi Quintessa anayedai yeye ndiye muumba. Sijui kama kuna aliyemuuliza kuhusu Boksi.

Sisi watu wa pwani tusicheke sana. Fumo Liyongo naye, kuna msimulizi anayesema alichomwa sindano, mwingine kisu. Mwingine anasema ni mwanawe, mwingine mpwa wake. Lakini katika masimulizi niliyokutana nayo, shaba na kitovu vinabaki, kwa sababu ukiviondoa huna tena hadithi ya usaliti wa mtu wa karibu. Msimulizi anabadilisha akiwa anawatazama wasikilizaji wake machoni. Transformers ilianza 1984 kama biashara ya vinyago vya Hasbro na Takara, na Optimus aliuawa kwenye ile sinema ya 1986 ili rafu za duka zipate nafasi ya vinyago vipya. Watoto walilia, ikabidi wamrudishe 1987. Dude linabadilika kwa sababu kila mara kuna kitu kipya cha kuuza. Kuna wanaosema hizi ni muvi za kupiga mabomu tu, usitafute mantiki. Siwaelewi. Ukishaniambia kitu hiki kinafufua wafu, nina haki ya kuuliza mbona hakikumfufua fulani.

Niliwahi kumwambia kaka haya yote, kwamba dijei alitudanganya. Alikuwa anafunga duka lake Mbagala, hata hakugeuka. “Wewe ndiyo umejua leo?” Akaniambia kwamba jioni ileile, muvi ilipoisha, alimfuata dijei nje na dijei akakiri kwamba alitunga palepale. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebaki peke yangu na kanuni ile.

Mwaka jana mwanawe wa miaka tisa alitulazimisha tuangalie Transformers One, katuni ya 2024. Hadithi imeanza upya kabisa, kabla ya vita, kabla Optimus hajaitwa Optimus. Ni kibarua mgodini. Mapema tu mgodi unaporomoka, kuna roboti amenasa mguu, kila mtu anakimbia kuokoa roho yake, na huyu kibarua anavunja amri na kurudi kumtoa. Mtoto akaniuliza huyo aliyenasa ni nani. Nilikuwa bado natafuta jibu wakati aliyenasa alipoitwa kwa jina.

Kaka aliweka sahani chini.

“Rudisha nyuma,” akamwambia mwanawe. “Rudisha hapo alipomtoa Jazz.”