Pumzi ya Pikapu katika Nyanda za Chai

Majani mabichi ya chai yakishindiliwa guniani hupata joto, hugeuka hudhurungi, na kiwandani hukataliwa. Hivyo dereva wa pikapu anayeyabeba kutoka Sotik, kupitia Kapkatet na Litein hadi Kericho, hushindana na saa. Injini ikikosa nguvu mlimani, wazo la kwanza kumjia ni kubadili ekzosi. Naye fundi hakawii kumwonyesha bomba pana lenye kunguruma.

Lakini Kericho iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 5L, isiyo na tabo, huivuta hewa hiyo haba kwa pumzi yake yenyewe. Nozeli zikimwaga dizeli ileile ya pwani, ziada hutoka kama moshi mweusi, na mwenye gari hudhani bomba limeziba. (Bomba, maskini, halina kosa.) Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1, ingawa nayo ni ya lita 3, ina tabo ya kuisukuma hewa ndani, hupanda bila kuhema sana.

Tabo huzungushwa na moshi wenyewe, kwa hiyo bomba pana nyuma yake huipunguzia kizuizi na huleta nafuu fulani. Kwa 5L kinachoongezeka hasa ni mngurumo, nazo kanuni za Kenya za mwaka 2009 dhidi ya kelele zipo. Fedha hizohizo zingetosha kununua filta mpya ya hewa na kusafishia nozeli, kazi ambayo jirani hataisikia.