Kompyuta Ikichakaa, Yaliyomo Yahamishwe Vipi?

Siku hizi kompyuta si kitu cha mjini tu. Shule inayo, zahanati inayo, chama cha ushirika kinayo. Nayo, kama jembe, huchakaa.

Mimi ni karani wa parokia. Kompyuta ya ofisi yetu ilianza kuzimika yenyewe kila jua la mchana lilipopanda. Ndani yake mna programu ya kutafutia majina ya ubatizo. Mtu akija kuomba hati ili afunge ndoa, wampata kwa dakika moja, badala ya kufunua vitabu asubuhi nzima. Programu hiyo iliwekwa zamani na kijana aliyekwisha kuhama, na diski ya kuiwekea haionekani tena. Kwa hiyo kunakili mafaili peke yake hakukutosha: majina yangehama, lakini pasingekuwa na cha kuyasoma. Ilitupasa kuhamisha vyote pamoja, yaani mfumo endeshi wenyewe, Windows 10, na kila kilichowekwa juu yake.

Katekista wetu mzee aliniuliza, "Karani, si utoe tu roho ya hii uitie katika ile?" Mambo ya roho namwachia Padre, lakini mzee hakukosea sana. Shida ni kwamba roho hiyo imeuzoea mwili wake. Mchukue mama aliyezoea jiko lake, umwingize usiku katika jiko la jirani: kupika anajua, ila chumvi haioni. Ujuzi wa kila kifaa umo katika programu ndogo ziitwazo draiva. Windows XP ya mwaka 2001, ukiihamishia mashine ya namna nyingine, mara nyingi iligoma na kuonyesha kioo cha buluu. Windows 10 ni hodari zaidi: huamka, huvikagua vifaa vigeni, na kujitafutia draiva. Linux nayo huhama kwa urahisi, kwa kuwa hubeba draiva nyingi ndani yake.

Basi tulinunua kompyuta iliyotumika, lakini nzima. Kwanza nilinakili mafaili yote ya majina katika diski ya pembeni na kuyafungua katika mashine nyingine, nione kama yanasomeka. Nakala isiyofunguliwa siihesabu kuwa nakala. Kisha nilitazama kama diski imefungwa kwa BitLocker; kama imefungwa, uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla hujagusa kitu, maana mashine mpya itakudai.

Kazi yenyewe niliifanya kwa Clonezilla, programu ya bure inayowashwa kutoka katika flashi na kunakili diski nzima juu ya diski nyingine. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Hapo inakuuliza ipi inatoka na ipi inapokea. Jibu hilo nililisoma mara tatu, kwa sauti, huku katekista akishika kidole juu ya karatasi niliyoandika namba za diski zote mbili. Ukizigeuza, diski tupu hufuta iliyojaa, na majina ya miaka yote hayo yamekwisha.

Jambo jingine ni namna ya kuwaka. Mashine za zamani huwaka kwa BIOS, za sasa kwa UEFI, na diski iliyopangwa kwa namna moja huenda isitambuliwe na nyingine. Windows 10 za tangu mwaka 2017 zina chombo kiitwacho mbr2gpt cha kubadili mpango huo bila kufuta mafaili. Kwetu hakikuhitajika.

Iliwaka, ikajizima, ikawaka tena. Mtandao haukushika mpaka nilipoleta draiva yake kwa flashi. Leseni nayo haihami ovyo: ile iliyouzwa pamoja na mashine hubaki na mashine hiyo. Bahati njema, hii mpya ilikuwa na yake ya daraja lile lile. Nilitafuta majina kumi, nikayalinganisha na kitabu cha karatasi. Yote kumi yalikuwepo.

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa wote tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo, baada ya kuhama, ndipo nitaipandisha kuwa Windows 11, ambayo huziacha programu mahali pake, mradi mashine iwe na TPM 2.0. Hii inayo. Ya zamani haikuwa nayo.

Diski ya zamani nimeifunga kwa kitambaa, imo kabatini chini ya kufuli. Mafundi wawili wamekwisha kuiulizia. Haiuzwi, ina mambo ya ndoa za watu.