Mkoba wa Kwenda Kibua

Limekuwa likitufikia swali moja kutoka vikundi vya parokia mbalimbali, hasa tangu baadhi ya vikundi vilipoanza kujipatia kamera zilizokwisha kutumika: je, anayekwenda kupiga picha vijijini achukue lenzi moja, au abebe kadhaa? Linaulizwa kama swali la vifaa, na muulizaji hutarajia jibu la fundi. Sisi tulilijadili jioni tatu mfululizo kabla ya safari yetu ya Kibua, na kadiri tulivyobishana ndivyo tulivyoona kwamba tunabishana juu ya mahali pa kusimama mbele ya watu.

Kibua iko mpakani mwa Masisi na Walikale, katika njia inayotoka kwenye vilima vya malisho na kushuka kuelekea msitu. Wengi walio mbali walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza katika taarifa za vita. Mwanzoni mwa mwaka 2009, jeshi la Kongo na lile la Rwanda lilipofanya operesheni ya pamoja iliyoitwa Umoja Wetu dhidi ya waasi wa FDLR, Kibua ilitajwa kama ngome ya waasi hao, na raia wake walilipa gharama ya vita ambavyo hawakuviitisha. Tangu hapo, picha nyingi za sehemu hizi tulizoziona sisi zimepigwa kwa mbali: mlima wenye ukungu, safu ya watu wenye mizigo vichwani, askari aliyegeuka kwa mshtuko. Nyuso zipo, lakini ni nyuso za watu ambao hawakuzungumza na mpiga picha.

Tulikuwa na kamera moja na lenzi tatu: ya milimita 35, ya milimita 50, na ile ndefu ya kuvuta inayotoka milimita 70 hadi 200. Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu ilitusaidia kuliko maneno. Chukueni kamera ambayo eneo lake la kupokea picha lina ukubwa wa filamu ya zamani, yaani milimita 24 kwa 36. Mnataka kumpiga picha mtu mzima wa urefu wa mita 1.8, aijaze picha iliyosimama kuanzia unyayo hadi utosi. Kwa lenzi ya milimita 50 mtasimama mita 2.5 kutoka kwake. Kwa ile ya milimita 200 mtasimama mita 10. Kwa ile ya 35 ni chini kidogo ya mita 1.8, yaani urefu wake mwenyewe akilala chini.

Sasa fikirini mita 10 katika kijiji ambako pikipiki inapita na mvua inapiga mabati. Kwa umbali huo humsikii mtu akitaja jina lake. Hujui kama amesema ndiyo au amesema hapana. Kwa umbali wa mita 1.8 huwezi kuficha kitu: anaona jasho lako, anakuuliza umetumwa na nani, na ukimjibu ovyo anakuacha umesimama hapo na kamera yako.

Ziko sababu nyingine za kupendelea lenzi moja, nazo tunazitaja kwa ufupi kwa kuwa kila fundi atawaeleza. Lenzi ndefu ya kuvuta, ile ya wapiga picha wa kazi, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ndogo ya 35 haizidi sana gramu 300. Kila mara mnapobadilisha lenzi mnaufungua mwili wa kamera, na barabarani hapa kinachoingia ni vumbi wakati wa kiangazi na matone wakati mwingine wote. Unyevu wa msituni huotesha kuvu ndani ya vioo, kama utando wa buibui, na mwenye lenzi tatu ana vioo vingi zaidi vya kulinda. (Hifadhini vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja katika maboksi ya viatu vipya, msivitupe.) Tena, ndani ya nyumba ya mbao yenye dirisha moja mwanga ni haba. Lenzi nyingi za kuvuta za bei nafuu, zikivutwa hadi mwisho, haziwezi kufungua tundu lake zaidi ya kipimo cha 5.6, ilhali lenzi fupi ya 1.8 hupokea mwanga karibu mara 10 ya huo. Pia lipo jambo la vizuizi. Chombo kirefu cheusi kinachotolewa mkobani mbele ya mtu mwenye bunduki hakihitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya kwamba lenzi moja inatosha kila mahali. Anayepiga picha mchezo wa mpira katika uwanja wa Unité mjini Goma hawezi kumkimbilia mshambuliaji ndani ya eneo la hatari. Na katika hifadhi zetu, Virunga na Kahuzi-Biega, kumkaribia gorila ni kumwonea: mafua ya binadamu yanaweza kumuua, ndiyo maana kanuni za kuwatembelea ziliwataka wageni wabaki angalau mita 7. Hapo lenzi ndefu ndiyo heshima yenyewe. Wapo pia wenzetu wanaokimbilia habari ya wanafunzi waliotumwa bila mkoba wala kanzu ya pili. Sisi tunaona si haki kuilazimisha Injili isimamie mambo ya lenzi.

Hoja nzito zaidi ilitoka kwa dada mmoja kati yetu, muuguzi, ambaye alitaka ile ndefu iende. Alisema: mnasifu ukaribu kana kwamba ukaribu ni wema. Mtu aliyefiwa, au mama aliyekimbia kijiji chake juzi, akiona kikundi cha wageni wenye kamera kimemfikia hadi mita mbili, atawezaje kukataa? Atadhani ninyi ndio mnaoandika majina ya msaada. Ukaribu nao ni nguvu. Afadhali nisimame mbali, nisimguse.

Tulikaa kimya kwa muda. Jibu tulilolipata baadaye ni la nusu tu. Anayesimama mbali hamsumbui mtu huyo, ni kweli, lakini anaondoka na sura yake bila yeye kujua. Na sura ya mtu wa Masisi au Walikale, ikienea katika simu, inaweza kumfikia yule aliyemkimbia. Kwa aliye katika msiba au hofu, tulikubaliana kwamba kamera ibaki imefungwa, iwe na lenzi fupi au ndefu. Lakini kuhusu nguvu ya aliye karibu, dada yetu alikuwa na haki, na hakuna milimita zinazoliondoa tatizo hilo. Tulichoweza ni kuweka utaratibu: siku ya kwanza tuingie bila kamera shingoni, tuwasalimu wakuu wa mahali na wazee, tule kama tumekaribishwa, na tuseme wazi kwamba hatuna orodha ya msaada wowote.

Katika mabishano hayo tulikumbuka picha moja ambayo kila kijana wa Kongo angepaswa kuijua. Mwaka 1904, huko Baringa katika Ekweta, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, ameketi ukingoni mwa baraza akitazama mkono na mguu vya binti yake mdogo. Binti huyo, Boali, alikuwa ameuawa na walinzi wa kampuni ya mpira wakati wa utawala wa Leopold II. Vifaa vya siku zile havikumpa mpiga picha nafasi ya kujificha mbali. Nsala alikuwa amekuja mwenyewe, amebeba ushahidi wake, na alijua anapigwa picha. Katika picha hiyo tunamwona yeye, tunaona baraza, tunaona watu wengine waliosimama karibu. Picha hiyo na nyingine zilioneshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi aliyoifanya mali yake. Hatusemi kwamba picha moja ndiyo iliyofanya kazi hiyo yote. Tunasema kwamba watazamaji wa mbali waliweza kujua yule aliyeketi pale ni nani na amepoteza nini, kwa sababu mpiga picha alikuwa mahali ambapo angeweza kuambiwa.

Na kwa wenye kudhani kwamba kamera nzito ni kikwazo cha ukaribu, tuwakumbushe Richard Mosse wa Ireland. Kuanzia mwaka 2010 alizunguka katika Kivu zote mbili akiwa na kamera kubwa ya mbao iliyosimama juu ya miguu mitatu, na filamu iitwayo Aerochrome, iliyoona nuru isiyoonekana kwa macho ya binadamu na kuyageuza majani mabichi kuwa ya waridi. Kazi yake ilioneshwa Venice mwaka 2013. Milima ya waridi haikutupendeza sisi sote. Wengine kati yetu waliona imepambwa mno kwa nchi iliyojaa makaburi. Lakini kamera ya namna hiyo haina siri. Anayesimama mbele yake ana muda wa kutosha kujipanga, au kuondoka.

Mmoja wetu, ambaye mama yake ni Mnyanga wa Walikale, alileta hoja kutoka nyumbani. Katika utenzi wa Mwindo, ambao mtambaji Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck mwaka 1956, shujaa anazaliwa akiwa tayari na vifaa vyake: usinga katika mkono wa kulia, tezo katika wa kushoto, na mfuko wenye kamba ndefu ndani. Hivyo Mwindo hakutoka na kitu kimoja, alisema ndugu yetu, na tukacheka. Kisha akaongeza kwamba karibu kila jambo Mwindo alilifanya kwa usinga, hata kuwafufua wafu. Kamba aliitumia aliposhuka chini ya ardhi, na ncha yake ya pili alimwachia shangazi yake Iyangura aishike. Kila kifaa kilikuwa na kazi iliyojulikana.

Basi tulikwenda na ile ya 35 peke yake. Ndefu ilibaki Goma, imefungwa katika mfuko wa plastiki. Dada muuguzi alikubali shingo upande na akaomba iandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Kibua ilitupa mvua siku mbili kati ya nne. Tulikosa picha kadhaa, hilo ni kweli: ndege mkubwa juu ya mti, watoto waliokuwa wakivuka kijito upande wa pili wa bonde. Watoto hao walibaki vidoa katika picha. Tulijaribu kuikata picha hiyo ili tubaki na nusu ya upana na nusu ya kimo chake. Kati ya nukta milioni 24 zilibaki milioni 6, zinazotosha picha ya sentimita 30 kwa 20, lakini bado watoto walikuwa wadogo. Tukaiacha.

Mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo juu ya mkeka alituruhusu tukae naye. Tulipomwomba picha, alinyamaza, akaendelea kugeuza vipande vya mihogo, kisha akauliza:

“Wanangu, sura yangu mnaipeleka wapi?”

Tukamweleza: Mama, kwenye ukurasa unaosomwa na vijana wa parokia, na kwenye ukuta wa ukumbi wetu.

“Na mimi nitabaki na nini?”

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiandaa kwa swali hilo, wala hatujui kitabu cha upigaji picha kinacholifundisha. Mtu aliye mita 10 hawezi kuliuliza. Tulimwahidi picha ya karatasi, naye akajifunga kitambaa upya kichwani, akasogeza beseni ili lisionekane, na akatutazama. Kuanzia nyumba hiyo tulianza kuandika majina katika daftari, na wale tuliowaandika walianza kutufuata njiani kutuuliza kama tumeandika vizuri. Kazi ikawa ya polepole. Siku ya tatu tulipiga picha 9 tu.

Kwa safari ijayo kijana mmoja ameomba kubeba lenzi ndefu, kwa ajili ya mechi ya shule mbili. Kikao kimekubali. Ametakiwa tu kutaja mechi ni lini, na kuirudisha lenzi mfukoni mwake filimbi ya mwisho ikilia. Dada muuguzi ndiye aliyeliandika sharti hilo.

Picha za Kibua zimechapishwa mjini Goma, kila moja ina jina nyuma yake kwa kalamu ya wino, na zimefungwa katika plastiki mara mbili kwa ajili ya mvua. Mwendesha pikipiki ataondoka nazo Jumatatu. Ya mama wa mihogo iko juu ya bunda. Aliomba mbili, moja yake, na nyingine ya binti yake anayeishi Walikale mjini.