Aliyekubali Kwanza

Nilipokuwa mwalimu mchanga wa Kiswahili hapa Burundi, stashahada yangu ingali mpya, nilimnyima mwanafunzi alama kwa kosa ambalo sasa naona lilikuwa langu. Darasa lilikuwa likijadili iwapo wazazi waendelee kuichangia shule fedha. Alianza mvulana mkubwa kuliko wote, akaunga mkono hoja. Akafuata msichana mmoja, akasema: "Aliyenitangulia amesema kweli. Yeye ni mkubwa kwangu, naye anajua zaidi." Kisha, taratibu, akaibomoa hoja ya mwenzake tofali moja moja. Niliandika daftarini: "Hana msimamo." Nikamtoa katika kundi la wasemaji wa shule. Hakulalamika.

Miaka ilipita kabla sijakutana na makala ya Ethel Albert, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Burundi katika miaka ya 1950, nchi ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Ilichapishwa mwaka 1964, katika toleo maalumu lililohaririwa na John Gumperz na Dell Hymes. Nilipoisoma nilimwona msichana yule. Albert aliona kwamba katika baraza la Warundi wasemaji hufuatana kwa ukubwa wa umri na cheo. Mdogo hana ruhusa ya kumkatalia mkubwa waziwazi. Huanza kwa kumsifu na kukubaliana naye, kisha huingiza rai yake hatua kwa hatua, hata kama rai hiyo ni kinyume kabisa. Kukubali kule ndiko kubisha hodi.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya wataalamu hawa. Sisi walimu wa lugha tumezoea kuuliza kama sentensi ni sanifu. Wao huuliza nani anasema, na nani, mahali gani, kwa zamu ipi, na nani anapaswa kunyamaza. Majibu hawayapati kwa dodoso peke yake. Huishi na watu, hujifunza lugha yao, husikiliza mazungumzo yasiyo na umuhimu wowote. Bronislaw Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alieleza kwamba maneno mengi tunayosema hayapeleki habari yoyote, bali huwaunganisha watu. (Mgeni anayechoshwa na maamkizi yetu marefu, ya watoto, ya mifugo na ya mvua, angefaa kumsoma.)

Lakini kilichonikosesha usingizi katika makala ya Albert ni jambo jingine. Aliandika kwamba mkulima mbele ya mkubwa wake husitasita na kubabaika, ilhali mtu huyohuyo, akiwa na wenzake, ni msemaji hodari. Nikakumbuka mkutano mmoja wa wazazi. Mama mmoja alisimama mbele ya viongozi wa shule, akatazama chini, akaanza sentensi tatu bila kuimaliza hata moja, akaketi. Kumbukumbu za mkutano, zilizoandikwa kwa mkono wangu, zilisema: "Hoja haikueleweka." Baadaye nilimkuta langoni akiwaeleza wenzake, kwa ufasaha ambao ningeutamani darasani, kiasi alicholipa kila muhula na jinsi ambavyo hakupewa stakabadhi hata mara moja. Nilimsikia, nikapita. Kumbukumbu sikuzirekebisha.

Usidhani, msomaji, kwamba naitetea desturi hiyo yote. Burundi aliyoiona Albert ilikuwa na mwami na watemi. Leo ni jamhuri, na katiba haimpi mwenye cheo sauti mbili. Zamu ya mdogo inapofika, mara nyingi saa ya kufunga mkutano imekwisha kufika pia. Ndiyo maana sasa darasani kwangu zamu hupangwa kwa kura, na katika mikutano ya wazazi naomba vikundi vidogo vizungumze kwanza bila viongozi. Baadhi ya wakubwa hawapendi.

Mwaka jana nilikutana sokoni na msichana yule, sasa ni mama wa mtoto mmoja. Nilimwomba radhi kwa zile alama. Akacheka, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko.

"Mwalimu, ulikuwa sahihi kabisa," akasema.

Nikanyamaza, nikangoja aendelee.