Safari za ndege na watoto, sehemu ya 4: "Mbona maji ni ya pinki?"

Nimetoka naiti asubuhi, nimelala kidogo, nimeamka na deni lenu. Niliwaahidi stori ya Momella. Leo nawapa, ila mjue inanisuta mimi mwenyewe.

Kwa mliojiunga karibuni: mimi ni nesi, naishi Arusha, nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 10, wa kike ana 7. Nikipata ofu Jumamosi tunaingia kwenye kigari chetu na darubini moja ya mtumba, tunaenda kuangalia ndege.

Mchezo wetu ni rahisi: anayemwona ndege kabla ya wenzake anapata andazi. Kaka mtu alikuwa anashinda kila safari. Yangeyange mgongoni mwa nyati, kaona. Mwewe juu ya mti, kaona. Mdogo wake kazi yake kuuliza tu, "Yuko wapi? Yuko wapi?" mpaka ndege anaruka. Nikawa namwambia, "Wewe huna subira, unaangalia hovyo." Shuleni nako mwalimu akalalamika kwamba hamalizi kunakili kazi ubaoni. Nikamnyima katuni wiki nzima. Mnaona nilivyokuwa?

Sasa siku hiyo tulitoka saa 12 asubuhi, barabara ya Moshi hadi Usa River, tukakata kushoto kwenda geti la Ngongongare la Hifadhi ya Arusha. Tukapita Serengeti Ndogo, watoto wakashangaa twiga, tukaendelea hadi maziwa ya Momella. Maji yale yana magadi, na ndani yake kuna mwani mdogo sana. Heroe, wale tunaozoea kuwaita flamingo, huuchuja kwa mdomo, kichwa kikiwa kimepinduliwa. Rangi yao nzuri inatokana na chakula hicho. Makinda wao wanaanza wakiwa wa kijivu.

Tukasimamisha gari. Kaka mtu akaanza kuhesabu: "Moja, mbili, tatu..." Binti yangu akaniuliza taratibu, "Mama, mbona maji ya kule ni ya pinki?"

Nikacheka. Kisha nikanyamaza. Hakuwa anatania.

Nikampa darubini, nikiwa nimeshaiseti kwa macho yangu. Akasema anaona ukungu. Nikamwambia azungushe kile kigurudumu cha katikati. Akazungusha, akazungusha, halafu akapiga kelele: "Mama! Wana miguu!"

Nikaichukua bila kugusa kigurudumu. Mimi ndo nikaona ukungu. Baba watoto naye vilevile. Pale ilipomfaa yeye, sisi wengine haikutufaa. Hapo nikajua: mtoto wangu haoni mbali.

Jamani, nililia. Kazini kila siku nawaambia mama za watu wawalete watoto mapema. Wangu nakaa naye nyumba moja, namwita hana subira. Kliniki ya macho walimpima wakathibitisha, akapata miwani. Jioni ile nilimwomba msamaha. Akaniuliza kama atarudishiwa zile katuni.

Basi mama, usisubiri flamingo. Mpeleke mtoto akapimwe macho ukiona:
– anafinya macho akitazama mbali;
– anaisogelea sana TV, au anainamia daftari mpaka pua inagusa;
– anakosea kunakili ubaoni lakini ukimsomea anaelewa;
– anaumwa kichwa mara kwa mara akitoka shule.

Na ukiona doa jeupe kwenye mboni, hata kwenye picha ya simu, au jicho moja limeanza kwenda upande, hiyo usingoje. Nenda haraka.

Wengi wanaogopa eti miwani inaharibu macho. Si kweli. Mtoto asiyeona vizuri ndiye anayeharibikiwa, tena darasani. Na kumtoa mtoto nje kwenye mwanga wa mchana mara kwa mara kunasaidia kuchelewesha tatizo hili la kutoona mbali. Hata uwanja wa mtaani unatosha, shomoro wapo kila mahali.

Mkienda Momella: nendeni asubuhi mapema, na kama mna gari dogo ulizeni getini hali ya barabara. Msishuke garini ila sehemu zilizoruhusiwa, nyati pale ni wengi. Darubini kila mtu aiseti upya kwa macho yake.

Jumamosi iliyopita tulirudi. Hata ziwani hatujafika, mdogo mtu akapiga kelele dirishani: "Hondohondo! Juu ya mti ule!" Kaka mtu akabisha. Tukasimama. Alikuwa hondohondo kweli. Alikula andazi lake lote, hakumgawia mtu.

Wa kwako leo umemwangalia anavyotazama TV? Niandikieni hapo chini, nitawajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 5: chakula cha safarini kisichochacha.